Namna ya Kumuuguza Chura wa Majini Katika Tangi la Nyumbani

Chura wa majini akianza kukataa chakula, kuvimba au kuelea bila nguvu, kitu cha kwanza kuchunguzwa ni maji anamoishi. Mnyama huyu hanywi kwa mdomo. Maji huingia mwilini mwake kupitia ngozi, na kupitia ngozi hiyohiyo hupita chumvi za mwili pamoja na sehemu ya hewa anayoivuta. Kwa hiyo kila kilichoyeyuka ndani ya tangi, iwe klorini ya bomba, amonia ya kinyesi chake au sabuni iliyobaki mikononi mwa mtu, humwingia bila kubisha hodi. Tabia iliyozoeleka kwetu ni kwenda duka la dawa kwanza na kukumbuka maji baadaye, na kwa maoni yangu hapo ndipo vyura wengi wanapopotea, kwa sababu ugonjwa ulioletwa na maji mabaya hauponi kwa dawa iliyomwagwa katika maji hayohayo. Maelekezo yanayofuata yameandikwa kwa mtu anayeishi Tanga au mji mwingine wa pwani, ambako maji na joto vina mambo yake.

Mjue kwanza chura wako

Anayeuzwa sana madukani pamoja na samaki wa mapambo ni chura mdogo wa jenasi ya Hymenochirus, mwenye asili ya Afrika ya Kati na Magharibi, ambaye hukua hadi sentimita 3 au 4 tu na ana utando kati ya vidole vya miguu yote minne. Mwingine ni chura mwenye kucha, yaani Xenopus, ambaye vidole vya miguu yake ya mbele havina utando, vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi, na kinywani hana ulimi. Aina yake ya kusini, Xenopus laevis, ndiyo iliyotumika tangu miaka ya 1930 kupima ujauzito: jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai ndani ya saa chache jibu lilikuwa ni ndiyo. Katika madimbwi ya ukanda wetu yuko ndugu yake, Xenopus muelleri, anayetambulika kwa kijinyuzi kilicho chini ya jicho, ambacho kwake ni kirefu kuliko kwa ndugu zake, na huyu ndiye watoto humleta nyumbani ndani ya kopo.

Tofauti hii ina maana katika uuguzi. Chura mdogo hustawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Yule wa Afrika Kusini hupenda nyuzi 16 hadi 22, kwa hiyo pwani huishi katika joto linalomchosha hata akiwa mzima. Wa madimbwi yetu amezoea joto, lakini amezoea pia kuchagua kivuli na kina, jambo ambalo tangi la kioo halimpi.

Mambo yanayofanana na ugonjwa na kumbe si ugonjwa

Chura hujivua ngozi mara kwa mara. Kwa muda mfupi huonekana amefunikwa na utando mweupe unaoning'inia miguuni, kisha huuvuta kwa mikono na kuumeza. Anayemaliza shughuli hiyo kwa siku moja ni mzima. Anayebaki na vipande vya ngozi vilivyogandamana siku baada ya siku ndiye wa kushughulikiwa. Chura mdogo, hasa, ana desturi ya kuelea juu ya maji akiwa amenyoosha miguu yote kama aliyekufa, lakini ukigonga kioo kidogo huzama mara moja. Dume wa aina hiyo akikomaa huwa na kijipele cheupe au cha waridi nyuma ya kila kwapa, na dume wa Xenopus huwa na weusi ndani ya mikono. Hayo ni maumbile. Dume akimkumbatia jike kiunoni kwa saa nyingi, waachwe. Jike mwenye mayai hunenepa sehemu ya chini ya tumbo huku shingo na mapaja yakibaki kama kawaida, na hapo ndipo anapotofautiana na chura aliyejaa maji, ambaye huvimba mwili mzima hadi ngozi inakuwa kama inaonesha ndani.

Dalili za kweli ni hizi: kukataa chakula kwa zaidi ya wiki moja kwa chura aliyekuwa mlaji, kukonda hadi mifupa ya kiuno kuonekana, wekundu tumboni na ndani ya mapaja, vidonda, nyuzi nyeupe juu ya ngozi, macho kufunikwa na ukungu, kushindwa kuzama au kushindwa kupanda kuvuta hewa, na kujaribu kutoka majini kila mara. Hiyo ya mwisho hupuuzwa na watu wengi. Mnyama wa majini anayetaka kuyakimbia maji ana sababu.

Beseni la wagonjwa

Mtenge mgonjwa siku hiyohiyo. Beseni la plastiki la lita 10 linatosha chura mdogo, na la lita 20 au zaidi lafaa Xenopus. Lisiwe limewahi kuwekwa sabuni ya unga, kwa maana plastiki hushika harufu na mabaki hata ikisuuzwa. Jaza maji ya kina cha sentimita 10 hadi 15 tu, kwa sababu chura huvuta hewa kwa mapafu na aliyedhoofu anaweza kuzama na kufa akiwa hana nguvu ya kupanda juu. Weka kigae cha chungu kilicholainishwa kingo, ili apate pa kujificha. Usiweke changarawe hata kidogo. Funika juu kwa wavu wa chandarua uliofungwa kwa mpira, kwa kuwa Xenopus aliyehamishwa huruka usiku na kukauka sakafuni.

Beseni halina bakteria wa kusafisha amonia, tofauti na tangi lililokwisha kukaa muda, kwa hiyo maji yote yabadilishwe kila siku, na yale mapya yasitofautiane na ya zamani kwa zaidi ya nyuzi mbili. Mahali pawe na utulivu: pembeni mwa mwili wa Xenopus kuna vijishimo vya hisia vinavyopokea mitikisiko ya maji, na beseni lililowekwa juu ya friji au karibu na spika humfanya mgonjwa asipate raha.

Maji ya Tanga na hila zake

Maji ya bomba ya mji wa Tanga hutoka bwawa la Mabayani katika mto Zigi, na hutiwa klorini kabla ya kufika majumbani, jambo jema kwa matumbo yetu na baya kwa ngozi ya chura. Yakingwe katika ndoo pana ya plastiki na kuachwa wazi kwa saa 24, ikiwezekana na pampu ya hewa ikiyatia mapovu, ili klorini iondoke. Pale ambapo maji yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakusaidii, na hapo hutumika dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Ndoo hiyo ifunikwe chandarua, la sivyo utakuwa unafuga mbu. (Viluwiluwi vya mbu, kusema kweli, ni chakula kizuri mno cha chura, lakini vitolewe vyote kabla havijaota mabawa.)

Kisima kina matatizo mengine. Karibu na ufuo maji huwa na chumvichumvi, na mtu aliyezoea kuyaoga hasikii tena ladha yake. Kwingineko mjini na pembezoni mwake ardhi ni ya mawe ya chokaa, yaleyale yaliyochongwa na maji kuwa mapango ya Amboni, na kisima kilichochimbwa humo hutoa maji magumu yenye pH ya juu, yaani yaliyoelekea upande wa magadi badala ya uchachu. Hili lina athari ambayo wengi hawaioni. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo ile yenye sumu inavyoongezeka. Katika nyuzi 25, sehemu yenye sumu kwenye maji ya pH 8 ni karibu mara kumi ya ile iliyo kwenye maji ya pH 7. Kinyesi kilekile, chakula kilekile kilichooza, na madhara mara kumi. Ndiyo maana ushauri wa kubadilisha maji mara moja kwa wiki, ambao huenda unafaa mahali penye maji laini na baridi, haumtoshi chura anayeishi katika nyumba ya Chumbageni, mjini Tanga, mwezi Februari.

Maji ya mvua huonekana kuwa jawabu, na kwa sehemu ni jawabu, hasa yakichanganywa nusu kwa nusu na ya kisima. Hata hivyo mabati mengi yamepakwa zinki, na zinki na shaba ni sumu kwa wanyama hawa. Acha mvua za mwanzo wa masika zioshe paa, kinga zinazofuata, na usihifadhi maji ya chura katika ndoo ya bati wala sufuria ya shaba.

Ukipata vipimo vya maji, pima amonia na naitriti, yaani sumu inayobaki bakteria wakiivunja amonia. Zote zinapaswa kuwa sifuri. Usipopata, chukulia kwamba maji ni mabaya na ubadilishe robo hadi theluthi ya tangi kubwa kila siku kwa wiki moja, huku ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira. Usibadilishe yote kwa mpigo, na usioshe sponji ya kichujio kwa maji ya bomba, kwa kuwa bakteria wanaokula amonia wanaishi humo na klorini huwaua; tangi huhitaji wiki nne hadi sita kuwajenga upya. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe.

Joto, dawa ya mbu na mikono yetu

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji ndani ya chumba kisicho na feni hufika nyuzi 30 bila taabu. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na huharakisha kuoza kwa kila kitu. Hamisha beseni mbali na dirisha la magharibi, weka feni ipulize juu ya maji yaliyofunikwa kwa wavu tu, na ikibidi weka ielee juu ya maji chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya barafu na kufungwa vizuri. Shusha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku. Barafu yenyewe isitiwe ndani ya maji.

Dawa za kupuliza za kuua mbu, pamoja na zile za kuchoma zinazofuka moshi usiku kucha, nyingi zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Siku ya kupuliza, ondoa beseni chumbani na ulirudishe hewa ikishasafika. Mikono nayo ioshwe na kusuuzwa sana kabla ya kuingizwa majini, isiwe na losheni, mafuta ya nazi wala dawa ya kufukuza mbu. Ni bora kumhamisha chura kwa kikombe cha plastiki kuliko kumshika, kwa sababu ute unaofunika ngozi yake ni kinga, na mkono mkavu huuondoa.

Chakula cha mgonjwa

Usimlazimishe. Chura mzima aliyekomaa hutosheka kwa kula mara tatu au nne kwa wiki, na mgonjwa anaweza kukaa siku kadhaa bila kula pasipo hatari, wakati chakula kilichoachwa kikioza ndani ya beseni humdhuru usiku huohuo. Mpe kidogo jioni, maana hutafuta chakula zaidi kwa kunusa na kwa hisia za ngozi kuliko kwa macho: kipande cha nyungunyungu aliyesuuzwa, viluwiluwi vya mbu, au kipande cha kamba mbichi kilichokatwa kulingana na ukubwa wa kinywa chake. Kilichobaki kiondolewe baada ya nusu saa. Ugali, mkate na dagaa wakavu wenye chumvi visimkaribie, na maini ya ng'ombe, ambayo wengi huyatumia, yana vitamini A nyingi mno kuwa chakula cha kila siku.

Chura anayekula kwa pupa humeza na changarawe. Aliyevimba tumbo upande mmoja, tumbo likiwa gumu, na asiyepata choo, huenda amezibwa na kokoto. Mwache na njaa katika maji safi kwa siku chache, na asipopata choo apelekwe kwa daktari. Tangi lake liwe na mawe makubwa kuliko kichwa chake, au lisiwe na mawe kabisa.

Magonjwa yenyewe

Nyuzi nyeupe zinazochomoza juu ya kidonda mithili ya sufi ni ukungu wa maji, Saprolegnia. Huota juu ya ngozi iliyokwisha kujeruhiwa, kwa hiyo tafuta kilichomjeruhi. Tiba yake ya kwanza ni chumvi kwa kipimo cha gramu 4 hadi 6 kwa lita, kwa muda usiozidi saa 72. Njia salama ya kupata kipimo hicho bila mzani ni kununua dripu ya chumvi katika duka la dawa, ambayo ina gramu 9 kwa lita, na kuichanganya na maji yaliyotulia kwa vipimo sawa, hivyo kupata gramu 4.5. Hakikisha si dripu ya sukari. Mweke humo saa moja ukimtazama. Akihangaika sana mtoe, akitulia mwongezee muda. Mchanganyiko ubadilishwe kila siku.

Kujaa maji mwilini ni dalili ya figo, moyo au bakteria, na mara nyingi sababu haijulikani mnyama akiwa hai. Hapa changanya dripu hiyo vipimo viwili kwa kimoja cha maji, yaani mililita 500 kwa 250, upate gramu 6 kwa lita, kiwango kilicho karibu na majimaji ya mwili wake, ili maji yapunguze kasi ya kumwingia. Saa chache kwa siku zinatosha kuanzia. Hali hii hupoa mara nyingine na kurudi, hasa kwa chura mdogo, na ni vema mwenye chura alijue hilo mapema. Kumtoboa kwa sindano nyumbani ni kumwongezea maradhi.

Wekundu wa tumbo na mapaja unaoambatana na ulegevu huletwa mara nyingi na bakteria Aeromonas hydrophila, ambaye yumo katika maji ya kawaida na hungoja mnyama adhoofike. Huenea damuni kwa haraka na huua. Huyu asisubiri wiki ya uangalizi. Anahitaji antibayotiki iliyoagizwa na daktari siku hiyo au kesho yake.

Kuna pia kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, ambayo hushambulia ngozi, humfanya chura ajivue vipandevipande, akatae chakula na kutaka kutoka majini. Xenopus huweza kuibeba bila kuugua, ilhali chura mdogo huugua na kufa, na hiyo peke yake ni sababu ya kutowachanganya. Kuvu hii hustawi katika nyuzi 17 hadi 25 na hufa joto likikaa karibu na 30, kwa hiyo pwani haina nguvu kama milimani. Dawa yake, itrakonazoli, hutolewa kwa kuogeshwa chini ya usimamizi wa daktari.

Kuhusu dawa kwa ujumla, fanya hesabu hii kabla ya kufungua kapsuli. Tuseme daktari ameagiza miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili. Chura wa gramu 3 anahitaji miligramu 0.15. Kapsuli ya kawaida ya antibayotiki ya tetrasaiklini ina miligramu 250, ambayo ni zaidi ya mara 1,600 ya dozi hiyo. Kubahatisha kwa ncha ya kisu hakuna nafasi hapa. Vilevile dawa za samaki zenye shaba zisitumike kabisa, hata kama kibandiko kinasema ni salama kwa viumbe wa tangi.

Daktari wa mifugo wa wilaya huenda hajawahi kutibu chura, lakini anaweza kukokotoa dozi, kupunguza makali ya dawa na kuwasiliana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunakofundishwa tiba ya wanyama. Mpelekee chura ndani ya kopo lenye maji yake kidogo na kifuniko chenye matundu, picha za dalili, uzito wake ukiweza kupimwa kwa mzani mdogo, na chupa ya pili yenye maji ya tangi. Maji hayo humweleza mengi kuliko maneno yetu.

Usalama wa walio nyumbani, na wa vyura wengine

Vyura hubeba bakteria wa salmonela, wanaowaharisha watu, bila kuonesha dalili. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2011, zaidi ya watu 300, wengi wao watoto, waliugua kwa maambukizi yaliyohusishwa na vyura wadogo wa majini wa kufugwa. Kwa hiyo beseni lisioshewe jikoni, maji yake yasinyonywe kwa mdomo ili kuanzisha mpira, mwenye kidonda mkononi avae glovu zilizosuuzwa, na watoto wa chini ya miaka mitano wabaki watazamaji.

Maji ya mgonjwa yasimwagwe mtaroni wala kisimani. Usimwachie chura wa tangi dimbwini hata akipona, na hata kama alitoka dimbwi hilohilo, kwa sababu anaweza kurudi na maradhi aliyoyapata kwa wenzake wa dukani. Nchi yetu imekwisha kuona gharama ya jambo hili: chura wa Kihansi alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na kuvu niliyoitaja ni miongoni mwa sababu zinazotajwa, pamoja na kupungua kwa maji ya maporomoko aliyoyategemea. Milima ya Usambara Mashariki, mto Zigi unakotoka, ina vyura wasiopatikana popote pengine duniani.

Asipopona, na daktari akikubali kwamba anateseka, mwachie daktari kazi ya kumlaza milele kwa dawa ya usingizi. Kumgandisha akiwa hai au kumwagia chumvi ni ukatili. Mzoga uzikwe mbali na maji, kwa kina ambacho paka hatafukua.

Akipona, mwangalie wiki mbili zaidi ndani ya beseni akila na kujivua ngozi kama kawaida, kisha mrudishe katika tangi ambalo kwa muda wote huo limekuwa likibadilishiwa maji. Wavu, kikombe, mpira na beseni vilowekwe katika dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, kwa robo saa, visuuzwe hadi harufu iishe, na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Kigae cha chungu hunywa klorini na kuitoa taratibu, kwa hiyo kitupwe na kitafutwe kingine.